Kindi bustanini: wavu wa chuma, pilipili, maji ya kushtua au mtego?

Njia za kumzuia kindi ni nyingi, ila zinazofanya kazi wiki ya sita kama zilivyofanya siku ya kwanza ni chache mno. Meno yake ya mbele hayakomi kukua, hivyo kutafuna kwake ni lazima, si utundu. Anapanda, anaruka, na ana subira ya kujaribu pengo lilelile kila asubuhi mpaka lifunguke. Kitu kinachomtisha Jumatatu hii, Jumatatu ijayo atakuwa amekizoea. Kwa hiyo tuseme mapema: kizuizi cha chuma kinashinda kila kitu kingine. Dawa za kunyunyiza, vinyago na mashine za kushtua hukusogeza tu hadi siku ya kuvuna, na wakati mwingine hilo linatosha.

Shida ni kwamba chuma hakiwezi kufunika kila kitu. Mti mkubwa wa matunda hauingii kizimbani, na safu ndefu za mahindi zingekula wavu mwingi kuliko thamani ya mahindi yenyewe. Basi uamuzi wa kwanza si njia ipi, bali mimea ipi inastahili kufungiwa na ipi itaachwa ipambane kwa msaada mdogo. Anayetaka kuilinda bustani nzima kwa mpigo mmoja kwa kawaida hulinda nusunusu kila mahali.

Hakikisha mharibifu ni yeye

Kindi ni mnyama wa mchana. Hutoka sana asubuhi baada ya jua kuchomoza na alasiri kabla halijazama. Usiku yumo kiotani. Tunda lililokuwa zima magharibi na likakutwa limeliwa alfajiri lina mwenyewe mwingine: panya, popo, au mnyama mwingine wa usiku. Jaribio rahisi ni kufunika mmea mmoja kwa ndoo au gunia usiku na kuufunua mchana kwa siku tatu. Uharibifu ukiendelea, adui ni wa mchana. Geuza zamu ili kuthibitisha.

Alama zinasaidia pia. Kindi huacha michirizi ya meno miwili miwili, hula robo ya nyanya, huitupa, kisha huchukua nyingine. Ndege hudonoa tundu lenye ncha. Panya huacha kinyesi karibu na alipokula na hupita chini ya matandazo au kando ya ukuta. Konokono huacha utelezi unaong'aa.

Halafu kuna suala la kindi yupi. Vishimo vya kina cha sentimita 3 hadi 5 kwenye udongo uliotoka kupandwa ni vya kindi wa miti anayetafuta au kuzika mbegu. Shimo la upana wa sentimita 10 hivi linaloteremka na kuendelea chini kwa chini ni mlango wa kindi wa ardhini. Wa kwanza atapita juu ya ua wowote usio na paa. Wa pili atapita chini yake. Ukinunua vifaa kabla ya kujua hilo, utajenga kizuizi kizuri upande usiopitwa na mtu.

Njia zikiwekwa pamoja

| Njia | Huzuia kwa muda gani | Inafaa wapi | Hushindwa lini |
|---|---|---|---|
| Kizimba cha wavu mgumu wa chuma | Miaka | Tuta la nyanya, stroberi, mboga | Mlango ukiachwa, tunda likigusa waya |
| Wavu wa plastiki | Siku hadi wiki | Ndege, na kindi wachache | Ukitafunwa. Hunasa wanyama wengine |
| Mfuko wa kitambaa kwa kila tunda | Wiki | Matunda machache | Kindi akiurarua au kuondoka nao |
| Maji ya pilipili | Siku 5 hadi 7, mvua isiponyesha | Majani, miche, chakula cha ndege | Mvua, njaa kali |
| Kinyunyizio chenye kihisi mwendo | Wiki chache | Sehemu ndogo ya wazi | Kikikaa mahali pamoja |
| Bundi wa plastiki, vioo, sauti | Siku chache | Karibu popote si pa kutegemea | Mara anapozoea |
| Bati kwenye shina | Miaka | Mti uliosimama peke yake | Tawi moja likikaribia kitu kingine |
| Mtego wa kumnasa akiwa hai | Hadi kindi mwingine ahamie | Nadra | Karibu daima |

Kwa tuta moja au mawili ya mboga, chagua kizimba na usihangaike na mengine. Kwa mti mmoja uliojitenga, bati. Kwa mahindi na miti iliyosongamana, tegemea kuvuna mapema na kuondoa vivutio. Pilipili na maji ya kushtua ni vya kuongezea juu ya hayo, hasa wiki mbili tatu za mwisho kabla ya kuvuna.

Kizimba: wavu upi, matundu kiasi gani

Hapa ndipo fedha inapotumika vizuri au kutupwa, kwa hiyo tukae kidogo.

Nyavu zinazouzwa ni za aina tatu. Wavu wa plastiki ni mwepesi na rahisi kuutandika, lakini kindi akiutaka hutafuna tundu kwa dakika chache. Wavu wa kuku, wenye matundu ya pembe sita, ni wa chuma kweli, ila waya wake ni mwembamba: hukunjika, matundu hupanuka ukivutwa, na kutu huula upesi ukigusa udongo. Wavu wa tatu ni ule mgumu wenye matundu ya mraba, uliochomelewa kwenye kila makutano na kupakwa zinki. Huo ndio wa kununua. Tundu la milimita 13 ndilo salama zaidi. La milimita 25 humzuia kindi mkubwa, lakini watoto wake na jamii za kindi wadogo wanaweza kupenya. Waya uwe na unene wa takriban milimita 1. Ukiukandamiza kwa kidole gumba na ukabonyea kama kitambaa, ni mwembamba mno.

Vipimo vya mnyama vinaeleza kwa nini. Kindi wa kijivu wa Marekani Kaskazini, ambaye watu wamemhamishia Uingereza, Italia na Afrika Kusini, ana uzito wa gramu 400 hadi 600, huruka zaidi ya mita 1 kwenda juu, huvuka pengo la mita 2.5 hadi 3, na hupenya uwazi wa sentimita 4 hivi. Ua wa mita 2 usio na paa kwake ni ngazi tu.

Kwa tuta la sentimita 120 kwa 240, kizimba cha kimo cha sentimita 90 kinahitaji:

- wavu wa upana wa sentimita 120, urefu wa mita 11;
- mbao za sentimita 5 kwa 5, mita 22: nguzo 6, fremu ya juu na ya chini, na boriti moja ya katikati;
- mbao nyembamba, mita 10, kwa vifuniko viwili vya sentimita 120 kwa 120;
- bawaba 4, komeo 2, misumari ya umbo la U ya milimita 20;
- koleo ya kukatia waya na glavu nene, maana ncha za wavu huo huchana mkono.

Upana wa sentimita 120 umechaguliwa makusudi. Sentimita 90 zinasimama, na 30 zinazobaki zinakunjwa kwenda nje na kulala juu ya ardhi kama sketi. Mnyama anayechimba huanzia pale ukuta unapokutana na udongo. Akikuta chuma hapo hujaribu tena sentimita chache pembeni, na ni nadra kurudi nyuma sentimita 30 ili aanze mbali. Sketi ibane kwa vigingi vya waya kila sentimita 40, kisha ifunike kwa matandazo. Pembe nne zitabaki wazi baada ya kukunja. Kata vipande vinne vya sentimita 30 kwa 30 kutoka kwenye masalio na uvifunge hapo. Wengi hupasahau pembeni, na kindi hapasahau.

Misumari ya U igongwe kila sentimita 10. Pini nyembamba za stepla huchomoka mbao ikinyauka. Vipande vya wavu vinapokutana, vipandane sentimita 5 na kushonwa kwa waya, visiwekwe tu ubavu kwa ubavu. Vifuniko vikae juu ya boriti bila kuacha nafasi inayozidi sentimita 1, na vifungwe kwa komeo, kwa sababu kifuniko chepesi huinuliwa kwa pua.

Makosa matatu hurudi mara nyingi. La kwanza ni nyanya kugusa waya: kindi huila kutoka nje bila kuingia, kwa hiyo acha sentimita 10 kati ya matunda na wavu na ufunge mashina kwenye miti ya katikati. La pili ni kimo: aina za nyanya zinazotambaa bila kikomo hupita sentimita 180, nawe utaishia kufungua kifuniko na kuuacha mmea utokeze. Chagua aina fupi zinazokoma kukua, au jenga kizimba cha kuingia mtu. La tatu ni uchavushaji. Nyuki wa kawaida hupita kwenye tundu la milimita 13, ila nyuki wakubwa husita. Nyanya, pilipili na maharage hazina shida, zinajichavusha. Maboga na matango ni jambo jingine: ua la boga hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri, saa zilezile kindi anazozunguka, kwa hiyo usiache kifuniko wazi. Chuma ua dume, bandua petali zake, na upake chavua katikati ya ua jike. Ua jike utalijua kwa kijiboga kidogo chini yake.

Wavu wa plastiki na vifuko

Wavu laini una nafasi yake: huzuia ndege vizuri na humchelewesha kindi asiye na njaa. Ubaya wake ni unasaji. Ndege, nyoka na popo hujisokota ndani yake na kufa, hasa ukitandazwa ukilegea. Kipimo kizuri ni kidole: kikipenya tunduni, wavu huo ni hatari. Jimbo la Victoria, Australia, limeweka sheria hiyohiyo kwa bustani za nyumbani tangu Septemba 2021: tundu lisizidi milimita 5 kwa 5 wavu ukivutwa kabisa. Hata pasipo sheria, nunua huo, uvute ukaze juu ya fremu, na ubane ukingo wa chini.

Vifuko vya kitambaa chepesi cha neti vinafaa kwa tini, zabibu au maembe machache kwenye tawi la chini. Huzuia nzi wa matunda pia, jambo ambalo kizimba hakiwezi. Lakini kindi aliyekwisha kuonja atakitoboa, au atakata kikonyo na kuondoka na kifuko chake. Tunda likiwa la thamani, tengeneza silinda ya wavu wa chuma wa milimita 6, kipenyo cha sentimita 15 na urefu wa 25, ziba ncha zote mbili, na uifunge kwenye tawi lenyewe. Ukiifunga kwenye kikonyo, uzito utaangusha tunda.

Pilipili: kwa nini inafanya kazi, na kwa nini inakoma

Ukali wa pilipili unatokana na kapsaisini. Mamalia huihisi kama moto mdomoni, ndege hawaihisi kabisa. Ndiyo sababu mbegu za kulisha ndege zinaweza kuchanganywa na pilipili, ndege wakaendelea kula huku kindi akikimbia.

Kapsaisini haiyeyuki vizuri kwenye maji, huyeyuka kwenye mafuta. Anayechemsha pilipili kwa maji matupu na kunyunyizia anapata maji mekundu yenye ukali kidogo. Mchanganyiko unaofaa ni huu: vijiko 2 vya chakula vya unga wa pilipili kali na kijiko 1 cha chakula cha mafuta ya kupikia, vipashwe moto mdogo dakika 5, madirisha yakiwa wazi, bila kuunguza, maana moshi wake utawatoa watu wote jikoni. Ongeza kijiko 1 cha chai cha sabuni ya maji isiyo na dawa ya kung'arisha, kisha lita 2 za maji. Acha usiku kucha. Chuja mara mbili kwa kitambaa kizito, la sivyo chembe zitaziba kichwa cha bomba la kunyunyizia.

Jaribu kwanza kwenye majani mawili na usubiri siku mbili, kwa kuwa mafuta na sabuni huunguza baadhi ya mimea. Nyunyizia jua likishapoa. Majani yenye mafuta kwenye jua kali hukauka kingo. Usiguse maua yaliyofunguka. Vaa glavu na miwani. Rudia kila siku 5 hadi 7 na baada ya kila mvua au umwagiliaji wa juu. Hapo ndipo wengi huchoka, na ndipo kindi hurudi. Matunda yaoshwe kwa sabuni kidogo, kwa kuwa maji peke yake hayaondoi mafuta yenye ukali.

Unga mkavu wa pilipili kumwagwa kuzunguka mimea ni wazo baya. Upepo huupeleka kwenye macho ya watoto, mbwa na paka, na kindi mwenyewe huupaka machoni kwa makucha yake. Kimiminika hukaa kilipowekwa.

Machicha ya kahawa, unga wa damu (mbolea ya damu iliyokaushwa), mkojo wa wanyama wawindaji wa kwenye chupa: vyote hufanya kazi kwa harufu, na harufu huisha ndani ya siku chache. Naftalini, ile ya kuwekea nguo, isitumike kabisa bustanini. Ni sumu, huchafua udongo, na mtoto huiona pipi.

Maji ya kushtua, na vinyago

Kinyunyizio chenye kihisi mwendo huungwa kwenye bomba na kurusha maji ghafla mnyama anapopita. Kati ya vitisho vyote hiki ndicho kinachodumu zaidi, kwa sababu kinamgusa mnyama badala ya kumwonyesha picha. Maboksi huandika mita 10 au zaidi, lakini kindi ni mdogo. Hesabu mita 5 za kutegemewa. Kihisi husoma tofauti ya joto linalosogea, na huona vizuri zaidi kitu kinachokatiza mbele yake kuliko kinachokijia moja kwa moja. Kiweke chini, kimo cha sentimita 30 hadi 45, kikitazama njia yake kwa ubavu. Adhuhuri ya joto kali, hewa ikikaribia joto la mwili wa mnyama, kitakosa wengi, na tawi linalopepea juani litakiwasha bure.

Kihamishe kila siku 3 au 4. Kikikaa wiki mbili palepale, kindi atajua mpaka wa maji na kula nje yake. Bomba litakuwa na shinikizo mchana kutwa, kwa hiyo viungio viwe imara. Kiungio dhaifu kikifunguka mkiwa mmetoka, bustani itageuka kidimbwi.

Bundi wa plastiki, diski zinazong'aa na redio hutoa siku chache. Mashine za sauti isiyosikika kwa binadamu hazistahili hata hizo: mwaka 2001 Tume ya Biashara ya Marekani ilituma barua za onyo kwa zaidi ya watengenezaji na wauzaji 60 wa vifaa hivyo, ikiwakumbusha kwamba madai yao lazima yawe na ushahidi wa kisayansi. Mbwa ni bora kuliko vyote hivyo, akiwa nje na macho. Paka hukamata ndege wengi kuliko kindi.

Bati kwenye shina

Kwa mti wa matunda uliosimama peke yake, zungushia shina bati laini la upana wa sentimita 60, ukingo wake wa chini ukiwa mita 2 kutoka ardhini. Kucha hazipati pa kushika. Usilipigilie misumari. Lifunge kwa waya wenye springi, ncha zikipandana sentimita 10, ili shina linenepe bila kukabwa, na ulikague mara mbili kwa mwaka.

Masharti yake ni makali. Hakuna tawi, ukuta, paa wala waya ndani ya mita 3 kutoka kwenye majani ya mti huo, na hakuna tawi linaloning'inia chini ya bati. Bustani nyingi za nyumbani haziwezi kutimiza hilo, na bati kwenye mti unaogusana na wenzake ni pambo. Katika hali hiyo vuna mapema: parachichi na maembe yaliyokomaa lakini bado magumu huiva vizuri ndani ya nyumba.

Vivyo hivyo nyanya. Ikianza kubadilika rangi, hata ukiona wekundu kidogo tu kitakoni, imekwisha kukomaa na itaiva ndani bila kupoteza ladha. Iweke penye joto la nyuzi 20 hadi 25 za Selsiasi, si kwenye friji. Kuvuna siku nne tano kabla hakugharimu kitu, na kwa asiyetaka kujenga chochote hii ndiyo njia ya kwanza kujaribu. Mahindi matamu huwa tayari takriban siku 20 baada ya ndevu kutokeza. Ukichelewa siku tatu, umemwachia kindi.

Mbegu, vitunguu vya maua na vyungu

Udongo uliotoka kuguswa humwita kindi, ama anunuse kilichozikwa au azike cha kwake. Shindilia kidogo kwa kiganja, mwagilia, tandaza matandazo. Ondoa maganda makavu ya vitunguu vya maua yaliyodondoka, kwa kuwa harufu yake humwonyesha mahali.

Kwa safu ya mbegu, kata wavu wa upana wa sentimita 60, upinde nusu duara. Utapata handaki la kimo cha sentimita 19 hivi. Ziba ncha zote mbili. Liondoe miche ikifika sentimita 10, wiki mbili au tatu baada ya kuota, mbegu ikiwa imekwisha kunyonywa na haina cha kufukuliwa. Hili ni muhimu hasa kwa mahindi na karanga.

Vitunguu vya tulipu na krokasi hupendwa sana. Vifunike kwa wavu wa milimita 25 uliolazwa sentimita 5 chini ya uso wa udongo, na machipukizi yatapita. Narkisi na jamii ya vitunguu saumu huachwa, kwa hiyo anayeanza bustani ya maua mahali penye kindi wengi anaweza kupanda hizo na kuepuka kazi. Kwenye chungu, duara la wavu lenye mkato hadi katikati, likizungushwa shina, linatosha.

Vivutio

Hakuna njia itakayoshika ikiwa pembeni kuna karamu. Matunda yaliyoanguka yaokotwe kila siku, chakula cha kuku na cha mbwa kiwekwe kwenye pipa la chuma (la plastiki hutobolewa), na mboji yenye mabaki ya matunda ifunikwe. Kilishio cha ndege kiwe kimo cha mita 1.5, umbali wa mita 2.1 kutoka shina au ukuta wowote, na mita 2.7 chini ya tawi lolote, nguzo yake ikiwa na koni ya bati. Kumwekea kindi chakula chake mbali ili aache chako hakumshibishi. Huwaleta wenzake, na wanaolishwa vizuri huzaa vizuri.

Maji ni tofauti kidogo. Ukame ukizidi, nyanya huliwa kwa ajili ya majimaji yake, na bakuli la maji lililowekwa mita 10 kutoka tuta linaweza kupunguza hasara. Matokeo hayalingani, ila gharama ni ndogo. Badilisha maji kila siku mbili, mbu wasizaliane.

Mtego, na kwa nini uko mwisho

Kumkamata kindi akiwa hai na kwenda kumwachia msituni huonekana ni huruma. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 huko Maryland, Marekani, ulifuatilia kindi wa kijivu 38 waliotolewa vitongojini na kuachiwa kwenye msitu mkubwa: asilimia 97 walikufa au kutoweka eneo hilo ndani ya siku 88. Hawajui chakula kiko wapi, na wenyeji huwafukuza. Huku nyuma nafasi waliyoiacha hujazwa na wengine, kwa kuwa chakula kilichowaleta bado kipo. Na ukimkamata jike anayenyonyesha, watoto hufia kiotani.

Sheria nayo ni ya kuangaliwa kabla ya kununua mtego. Uingereza, kwa mfano, ni kosa kumwachia tena kindi wa kijivu aliyekwisha kukamatwa, na kindi mwekundu amelindwa na sheria ya mwaka 1981. Mahali pengi pengine kuhamisha mnyama wa porini kunahitaji kibali. Uliza ofisi ya wanyamapori. Mtego ukiruhusiwa na ukilazimika, uwe kivulini, ufunguliwe mchana tu, ukaguliwe kila saa, na ufunikwe kwa kitambaa mara mnyama anaponasa, kwa kuwa joto na hofu humuua upesi. Sumu iachwe kabisa: bundi, mbwa au paka atakayemla kindi aliyekula sumu naye ataipata. Gundi ya kunasia nayo hivyohivyo.

Kindi wa ardhini

Huyu anataka kizuizi cha chini, na ni rahisi kukiweka kabla ya tuta kujazwa kuliko baadaye. Tandaza wavu wa milimita 13 sakafuni mwa tuta lililoinuliwa, vipande vikipandana sentimita 10, ukingo upande ndani ya mbao sentimita 5 na upigiliwe misumari ya U. Juu yake uwepo udongo wa angalau sentimita 30. Kwa karoti ongeza hadi 40, vinginevyo mizizi hugonga waya na kupinda. Kwa bustani isiyo na matuta, chimba mfereji wa sentimita 60 kuizunguka na usimamishe wavu ndani yake, sentimita 15 za chini zikikunjwa kuelekea nje. Zinki haidumu milele kwenye udongo wenye asidi, hivyo fukua kipande kidogo kila mwaka na uangalie kutu.

Kumwaga maji mashimoni hakusaidii: handaki lina milango mingi na vyumba vilivyoinuka kuliko njia. Shimo likiwa karibu na ukuta wa nyumba, maji hayo yatalegeza udongo unaoshikilia msingi, na ukarabati wake utazidi mbali gharama ya mboga zote zilizoliwa.